Kichaka Kisichomlaza Mtu

Saint Clement, Minnesota
9 Februari 2015

Mjomba Alphonse,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute na kuni za kutosha, na goti lako liwe limekubali kupanda ngazi za kanisa. Huku theluji imekaa mpaka imekuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Watoto hawajambo. Opal ameng'oka meno mawili ya mbele na anapiga miluzi kupitia pengo. Dale bado hali kitu kisicho na sosi ya nyanya. Mimi nimetimiza mwaka katika ile kampuni ya kupanda miti, na tangu Krismasi wamenitoa kwenye mashimo wakanipa kazi ya kuchagua mimea. Nina dawati. Linayumba, lakini ni langu.

Nakuandikia kwa sababu simu yako hulia mpaka ikachoka, na ukiipokea unaniwekea sikio lile lisilosikia.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna mteremko mrefu chini ya maghala ya zamani, unashuka mpaka mtoni. Wenye maghala wanataka upandwe vichaka vya asili ya huku kwetu, visivyoletwa kutoka ng'ambo, nami nimependekeza dogwudi. Nimelinganisha aina tatu. Ule wa vijiti vyekundu unapendeza kwenye theluji, lakini sehemu ya juu ya mteremko ni kavu, nao ukikosa maji gome lake hutoka madonda. Wa ghorofa, ule unaotandaza matawi ngazi juu ya ngazi, hautaki jua la mchana lipige mizizi yake. Wa kijivu unavumilia vyote: ukame, kivuli, chumvi ya barabarani, moshi wa malori. Tena unachipua kutoka mizizini mpaka vichaka kumi vinakuwa kichaka kimoja. Nimechagua wa kijivu. Nahitaji miche mia sita ya kimo cha kiuno, mwisho wa Aprili. Najua bustani ya miche ya kabila letu huko Rasi ya Mierezi inayo, maana wewe ndiye uliyeiotesha.

Mteremko wenyewe ni mtupu. Una nyasi na takataka kidogo.

Wako,
Noreen


Rasi ya Mierezi
2 Machi 2015

Mpwa wangu Noreen,

Marahaba. Goti halijakubali kitu. Padri amenihurumia, ananiletea komunyo kwenye kiti cha nyuma kama mtu aliyeagiza chai. Mbwa yu hai, ingawa asubuhi huwa nambonyeza kwanza kuhakikisha. Wiki ijayo tutaanza kugema maji matamu ya miti ya sukari, tuyachemshe yawe asali, na mwaka huu tuko wazee watupu kwenye kambi. Wambusu watoto. Mwambie Dale babu yake mkubwa alikula magome ya miti akafika miaka tisini.

Miche ya kijivu ninayo. Lakini nikuulize, mbona wa kijivu? Ule ni mti wa sungura na ndege. Sungura anaingia; mtu akijaribu anatoka bila kofia. Ungechukua mwekundu. Watu wetu wamejaa mjini huko, na wazee wanatembea mpaka kwenye mitaro ya barabara kuu kutafuta gome la ndani la kuchanganya na tumbaku yao. Wangekwangua hapo hapo mlangoni kwao. Unaumwagilia miaka miwili ya mwanzo tu, basi.

Halafu unajua sing'oi mche bila kuwekea ardhi tumbaku na kuuambia mche unakwenda wapi, kufanya nini. Ndivyo nilivyofundishwa na bibi yako. Mche usioambiwa unajiona umeibwa. Basi niandikie: hii mia sita niiambie nini?

Mwisho ni Leland. Tangu kadi ya Krismasi sijapata neno. Alisema anakaa na rafiki, ghorofa ya pili, joto tele. Hakuandika anwani. Ninyi ni mabinamu, mlitukanana tangu mkiwa kwenye nepi. Atakufungulia wewe mlango hata kama mimi hatanifungulia. Mtafute. Nataka mwanangu awe ndani ya nyumba yenye kuta kabla baridi ijayo haijaingia. Mengine yote niliyokuwa nikiyataka nimeshaacha kuyataka.

Mjomba wako,
Alphonse Bellanger


Saint Clement
30 Machi 2015

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Watoto walishikwa na homa, mmoja akimpokeza mwenzake, halafu mimi. Sasa tumepona, ila nyumba nzima inanuka dawa ya kuchua. Asante kwa chupa ya asali ya miti. Opal ameimaliza kwa kijiko.

Nimemwona Leland. Ilikuwa Jumanne, niko kazini napima udongo, nimepiga magoti na futi yangu ya chuma, nikasikia sauti nyuma yangu:

"Binamu! Unanipimia kaburi au suruali?"

Sikuhitaji kugeuka. Nikamwambia, "Kaburi. Suruali huna kiuno cha kuishikilia."

Akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa na wenzake wawili. "Mwoneni huyu," akawaambia. "Ndiye binamu yangu mwenye dawati. Utotoni alikuwa anakula udongo bure, sasa analipwa kuuonja."

Amekonda, na ndevu zimemwota ovyo kama desturi ya upande wenu, lakini ni mzima. Nilimpa mkate wangu wa mchana. Alisema umekauka, akaumaliza. Nikamwuliza anakaa wapi. Akasema, "Hapa hapa karibu. Nina majirani wengi na sina ngazi za kupanda." Nilimwambia aje kwangu. Yeye anajua, na wewe unajua, kwamba mkataba wangu wa nyumba hauruhusu mgeni zaidi ya siku tatu, na kwamba mara ya mwisho alikuja amelewa mlinzi akatuandikia onyo. Hakunikumbusha. Alisema tu sofa langu linauma mgongo.

Nikamwambia unamtafuta. Akapangusa makombo ndevuni, akasema, "Mzee anajua alichoniambia kwenye matanga ya mama. Muulize." Sikuulizi, Mjomba. Nakuandikia alivyosema.

Kuhusu mwekundu, wenye maghala wameshakubali wa kijivu. Iambie miche kwamba inakwenda kushika udongo usiporomoke mtoni. Ndiyo kazi yake.

Noreen


Rasi ya Mierezi
4 Mei 2015

Mpwa wangu,

Sisi ni wazima. Barafu ya ziwani ilivunjika wiki iliyopita kwa kelele kama watu wanahamisha makabati. Mbwa alikwenda kuibwekea, akarudi amechoka. Nashukuru umemwona Leland na umemlisha. Hayo mengine uliyoniandikia nimeyasoma.

Miche iliondoka salama. Kushika udongo ni kazi ya kila mti, Noreen, hata gugu linashika udongo. Niliona jibu lako ni jembamba, nikaliongezea. Niliweka tumbaku asubuhi, umande bado haujakauka, nikaiambia: mnakwenda mjini, mahali walipo ndugu zetu wengi, mkawakinge na upepo wa mtoni. Na kama mwanangu Leland atapita, mtambueni, ana mwendo kama wangu.

Marvin aliyeendesha lori amerudi. Alikaa mezani kwangu akageuzageuza chakula kwa kijiko, na wewe unamjua Marvin, husema hata akiwa usingizini. Nikamwuliza, "Mji umekukata ulimi?"

Akasema, "Alphonse, mimi nilikuwa nashusha miche upande huu, wao wanapakia mahema upande ule. Kwenye lori la taka. Kuna mama alikuwa anang'ang'ania sufuria na askari anang'ang'ania mpini."

"Mahema ya nani?"

"Ya nani tena? Yetu, mengi yao."

Nikamwuliza kama alimwona Leland. Akasema alikuwa anatazama miche. Kisha akavaa kofia akaenda zake, na chakula bado kiko kwenye sahani.

Noreen, ule mteremko ulikuwa mtupu?

Alphonse


Saint Clement
21 Juni 2015

Mjomba,

Shikamoo. Shule zimefungwa, watoto wako kwa jirani mchana. Jino moja la Opal limeota, limekaa upande. Kumekuwa na joto kali.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Hapana, haukuwa mtupu. Palikuwa na mahema kutoka juu mpaka karibu na maji. La Leland lilikuwa la bluu, jirani na ngazi ya chuma.

Msimamizi wangu aliniita Januari akaniambia, "Noreen, wenye maghala hawataki uzio. Uzio unapigwa picha na magazeti. Nitafutie kitu cha asili, cha kupendeza, chenye ndege na kila kitu, ila mtu asipate pa kujilaza." Ndipo nikalinganisha zile aina tatu. Yote niliyokuandikia kuhusu ukame na chumvi ni kweli. Nilichoacha ni kwamba tulipanda mche kila hatua moja, ili kati ya mmoja na mwingine pasibaki urefu wa mtu. Nisingechagua mimi, wangemwaga mawe yenye ncha, kama walivyofanya kule stendi. Nililiwaza hilo kila siku. Siku nyingine lilinitosha.

Nilimwambia Leland kabla ya lori kufika. Nilikwenda jioni, nikamkuta anachemsha kahawa. Akaniuliza, "Umechagua mti gani?" Nikamwambia wa kijivu, kutoka kwako. Akasema, "Basi itashika. Miche ya mzee haifi." Akaninywesha kahawa. Siku ya pili yake alilikunja hema lake mwenyewe, safi kabisa, akakaza kamba kama mlivyomfundisha kwenye kambi ya sukari, akaondoka kabla askari hawajafika. Wengine walinitemea mate. Yeye alinipungia mkono.

Sijui alikokwenda. Kila Jumamosi nazunguka na Dale kwenye gari, namwambia tunatafuta duka la rangi.

Miche yako imeshika yote isipokuwa michache upande wa juu. Ndege wameanza kuja.

Noreen


Rasi ya Mierezi
14 Septemba 2015

Noreen,

Tumemaliza kuvuna mpunga wa mwitu wa ziwani. Mwaka huu ni mdogo, mvua ya mawe iliupiga ukiwa unatoa maua. Nimekuwekea gunia dogo.

Barua yako ya Juni ilinifika. Julai nilikuja mjini na Marvin. Sikukwambia. Nilisimama juu ya ule mteremko nikaitazama miche yangu. Imenenepa. Kila jani linametameta. Niliona haya mbele yake, maana niliiambia uongo nikidhani ni kweli.

Leland nilimpata chini ya daraja la reli, upande wa kaskazini, penye ukingo wa udongo. Alikuwa amekalia kreti.

"Aa, mzee," akasema, kana kwamba mimi ni jirani nimepita. "Umekuja kukagua miche?"

"Nimekuja kukuchukua."

"Inaendelea vizuri. Juzi nilipita. Ile ya juu kabisa inataka maji, mwambie binamu asiwe mvivu."

Wenzake wakacheka. Kuna mwanamke mnene wanamwita Shangazi, ndiye mwenye amri pale. Akanitazama toka kofia mpaka viatu. "Huyu ndiye baba? Mbona mmefanana mpaka ubishi!"

Nikamwambia gari liko juu, lina nafasi. Leland akasimama. Akaniuliza, polepole, kama nimekuja kufuta yale maneno ya kwenye matanga.

Treni ikapita juu yetu, ya mawe ya chuma, behewa baada ya behewa, hakuna anayeweza kusikia kitu. Nilikuwa na muda wote huo wa kufikiri. Ilipokwisha kupita nikasema kuna mkate wa kukaanga ndani ya gari.

Alikuja akala. Alisema ni mtamu. Hakupanda.

Anakohoa, Noreen.

Sasa hili la pili. Kampuni yenu imeliandikia baraza la kabila kutaka miche mia mbili zaidi, ya ukingo wa daraja la reli. Baraza limefurahi, limekubali kabla ya kuniuliza. Barua ina jina lako chini. Unajua nani yuko pale. Nieleze.

Alphonse


Saint Clement
5 Oktoba 2015

Mjomba,

Shikamoo. Asante kwa mchele. Nimeupika na nyama ya kulungu, na Dale amekula bila sosi. Nimeona nikuandikie hilo kwanza.

Jina ni langu. Kazi ilipofika mezani sikujua wako pale. Nilijua nilipokwenda kupima. Msimamizi alitaka wa kijivu tena. Nilimwambia ukingo ule uko kivulini, una unyevu, wa kijivu utarefuka na kuacha mapengo, na kwamba mahali kama pale ni pa dogwudi wa ghorofa. Nikamwonyesha picha. Nikamwambia kila mti unahitaji mita tatu, kwa sababu unatandaza matawi. Akapenda. Akasema utaonekana vizuri kutoka barabarani.

Unaelewa nilichofanya? Ule mti ukikua matawi yake yanalala kama paa juu ya paa, na chini pako wazi. Mtu anaenea. Mvua haimfiki, na anayepita juu hamwoni. Safari hii nimechagua kwa ajili yao. Kupanda ni Aprili, kwa hiyo baridi yote hii hakuna atakayewagusa. Ukiing'oa, iambie kwamba inakwenda kumfunika Leland. Safari hii ni kweli.

Amelala kwangu Jumamosi mbili. Alimfundisha Opal kupiga mluzi wa bata. Mlinzi ameshaniuliza ni nani. Nimemwambia ni fundi wa bomba. Leland akasema, "Kwa mikono hii? Mwambie mimi ni bomba lenyewe."

Mjomba, sijui ulimwambia nini kwenye matanga. Lakini nadhani anangoja neno moja tu.

Mpwa wako,
Noreen


Rasi ya Mierezi
2 Novemba 2015

Mpwa wangu,

Theluji ya kwanza imeanguka ikayeyuka. Mbwa amekufa Alhamisi, usingizini. Nimemzika nyuma ya banda kabla ardhi haijaganda.

Nimesoma barua yako kuhusu miti ya ghorofa. Ni chaguo zuri. Nitaiambia hivyo.

Mwambie Leland nimefuta. Mwambie neno hilo hilo: nimefuta. Ataelewa. Sikuweza kulisema pale chini ya treni, sasa naliandika. Chumba chake kina jiko. Alewe au asilewe, mlango niliomfungia siku ya matanga uko wazi. Mwambie usiku huo huo utakapoipata barua hii, na umpeleke kituo cha basi wewe mwenyewe.

Alphonse


Saint Clement
12 Novemba 2015

Mjomba,

Barua yako niliipata jana nilipotoka kazini. Sikuvua hata koti. Nilikwenda darajani.

Hakuna mtu. Hakuna kitu. Ukingo umesawazishwa na trekta tangu Ijumaa, umetandikwa nyasi kavu na wavu juu yake, tayari kwa Aprili. Asubuhi ya leo nilimwendea msimamizi. Nilimwuliza kama kupanda si mpaka majira ya machipuko. Alinishangaa kweli, Mjomba, si kwa ubaya. "Kupanda ni Aprili. Kuandaa udongo ni kabla haujaganda. Wewe ndiye uliyeandika kwenye mpango wako kwamba udongo uandaliwe." Niliandika, ndiyo. Huandikwa kwenye kila mpango. Akaniuliza, "Ulidhani tutapanda juu ya magodoro yao?"

Nilikaa miezi miwili nikichagua mti wa kuwafunika, na sikufikiri kwamba mti wowote, uwe wa huruma uwe wa ukatili, unaanza kwa kufagia ardhi.

Namtafuta. Nitakuandikia nikimpata. Simu yako hupokei.

Noreen


Saint Clement
20 Desemba 2015

Mjomba,

Tulifika salama siku ile baada ya mazishi ya Leland. Barabara ilikuwa barafu tupu. Watoto walilala njia nzima. Asante kwa kunipokea. Najua wengine kwenye ukumbi hawakutaka, ndiyo maana nilisimama karibu na mlango, na ndiyo maana sikunyoosha mkono wakati wa kubeba sahani za chakula. Moto wenu wa siku nne wa kumsindikiza ulikuwa mzuri. Marvin aliulinda vizuri.

Ulitaka kujua, nami sikuweza kusema mbele za watu. Polisi walinionyesha mahali. Ni nyuma ya dobi la mashine, pale watu wanapofulia nguo kwa sarafu, kwenye mtaa wa kiwanda cha zamani cha unga. Ukutani kuna tundu linalotoa hewa ya moto ya mashine za kukaushia. Watu hulala pale. Jumapili dobi halifunguliwi, na hewa ya moto haitoki. Alikutwa Jumatatu asubuhi.

Lakini kabla ya hapo nilimpata. Nataka ulijue hili. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Novemba, pale pale dobini. Nilimwambia, "Mzee anasema amefuta." Alinitazama kama anangoja nicheke. Nikarudia. Akasema, "Amefuta na penseli au na wino?" Nikamwambia na wino, nimeona kwa macho yangu. Akacheka. Akasema, "Kachelewa, lakini kafika. Mwambie aweke kuni, nakuja Krismasi, sitaki kukuta jiko baridi." Nilitaka kumpeleka basi usiku huo. Akasema ana vitu vya kukusanya kwanza.

Basi alilisikia, Mjomba. Aliondoka akiwa amelisikia.

Mimi bado niko kazini. Sina pengine. Aprili tutapanda darajani. Kama hutaki miche itoke kwako, nitaelewa, nitatafuta kwingine.

Noreen


Rasi ya Mierezi
1 Mei 2016

Mpwa wangu Noreen,

Hatujambo. Nasema hatujambo kwa mazoea, niko peke yangu. Ziwa limefunguka. Sikwenda kambi ya sukari.

Miche mia mbili ya ghorofa Marvin atakuwa ameshaifikisha. Baraza lilitoa ahadi, na bustani ni ya kabila, si yangu. Niliing'oa mwenyewe. Nilikwenda na tumbaku mfukoni kama siku zote, nikapiga goti zima, nikakuta sina la kuiambia. Nimefanya kazi hii toka nikiwa kijana, na hii ni mara ya kwanza kung'oa kimya. Kwa hiyo ikikauka usimlaumu mtu wa kumwagilia.

Shangazi alikuja hapa Machi. Alipanda mabasi mawili, halafu akatembea. Alileta blanketi la Leland, alikuwa amelifua. Alikaa siku tatu, alikula kila kitu, alinitukana kuhusu hali ya jikoni kwangu. Alinisimulia yote. Baada ya trekta walikaa pamoja dobini, yeye na Leland na mzee mmoja, kila siku mpaka ile Jumapili yeye alipokwenda kumtafutia Leland dawa ya kifua. Nilimwuliza habari za binti mwenye dawati. Akasema alisikia unamwulizia Leland kwa watu mjini, gari lako lilikuwa linaonekana mara huku mara kule, lakini mlikuwa mnapishana. Hukuwahi kufika pale dobini akiwa hai. Alikuwa na uhakika. Hakujua kwa nini namwuliza.

Nilikasirika. Nilikaa nayo hasira hiyo Machi yote na Aprili. Nilikuandikia barua mbili nikazitia motoni.

Kisha nikaisoma tena ile yako ya Desemba. Penseli au wino. Kachelewa lakini kafika. Nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye kitanda chake. Noreen, ndivyo angejibu. Hata kile kicheko umekiweka mahali pake. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kumtungia Leland maneno hayo, na mimi mwenyewe baba yake nisingeweza.

Kwa hiyo sikiliza. Ukija kwenye karamu ya kutimiza mwaka wa Leland, utakaa meza yetu, nimeshawaambia. Nitakuuliza mbele za watu kama mwanangu alilipata neno langu. Unijibu kama ulivyoandika, usipunguze kitu.

Mjomba wako,
Alphonse